Ree Mbili, Watu Sita: Majibu kwa Wachezaji wa Poka

Kwa msomaji mgeni wa ukurasa huu: niligawa karata miaka tisa, 2009 hadi 2018, katika chumba cha karata cha kasino moja hapa Kampala. Nimekulia kambini kwa baba askari, na Kiswahili ninachowaandikia ni kile kile tulichokuwa tukiitana nacho kwenye foleni ya maji. Siku hizi nauza vipuri vya magari. Barua za poka bado zinanifuata, na mwezi huu nimechagua nne.

Dada, habari za kazi. Mimi ni fundi wa simu hapa mjini. Kila Ijumaa nikifunga kibanda naenda kucheza poka, ile meza ndogo kabisa, dau la lazima elfu mbili na elfu tano. Huwa nakaa na 300,000. Ijumaa iliyopita nilipata ree mbili, ya shupaza na ya kopa. Nikapandisha hadi 15,000 kama wanavyofundisha YouTube. Wakanifuata watu sita! Zikafunguliwa tatu za katikati, za wote: mfalme wa uru, tisa ya pau, nne ya pau. Nikaweka 20,000, wakabaki watatu. Ikaja mbili ya uru, nikaweka 20,000 tena, wakabaki wawili. Ya mwisho ikawa jeki wa pau. Nikaona heri niwatishe, nikasukuma zote, 245,000. Mzee mmoja mwenye kofia akafuata hapo hapo, ana saba na tano za pau. Saba na tano! Nauliza mawili: mgawaji anaweza kumtumia mtu karata? Na je, nihamie meza kubwa, ambako watu wanaheshimu ree? — Fundi, Kampala

Kaka, pole sana. Nianze na mgawaji, kwa sababu swali hilo niliwahi kuulizwa usoni, tena na watu tulioshinda tukisalimiana.

Karata 52 husambazwa kifudifudi juu ya meza, zikavurugwa kwa viganja viwili, zikakusanywa, zikachangwa, zikakatwa, na chini yake ikawekwa karata ya plastiki ili ile ya chini kabisa isionekane. Kabla ya kufungua zile tatu za katikati, moja ya juu hutupwa bila kuangaliwa. Kabla ya ya nne, nyingine. Kabla ya ya tano, nyingine tena. Kamera inaitazama mikono ya mgawaji kuliko inavyokutazama wewe. Na makato ya kasino ni yale yale, fungu la fedha za katikati liende kwako au kwa mzee wa kofia. Mgawaji hana anachopata kwa kukuumiza. Naomba uliondoe hilo moyoni, maana likikaa humo hutayaona yale mengine.

Sasa ree zako. Ree mbili huja mara moja katika migao 221. Meza yenye mgawaji wa kweli hugawa mara 25 hivi kwa saa, basi unazungumzia karibu saa tisa za kukaa, Ijumaa mbili nzima, ndipo uzione. Dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote zile hushinda takriban mara 85 katika 100. Dhidi ya wawili, 73. Dhidi ya watatu, 64. Dhidi ya sita uliowakaribisha, 44 tu. Bado ulikuwa na nafasi kubwa kuliko yeyote pale mezani, lakini ulishaingia mahali ambapo kushindwa ndilo jambo la kawaida.

Hao wa YouTube wanacheza na watu ambao wakisikia umepandisha mara tatu ya dau la lazima, wanatupa karata. Ijumaa saa tatu usiku hapa Kampala, 15,000 ni sahani ya chakula. Mtu amepanda boda, amesubiri kiti saa nzima, amekaa kiwiko kwa kiwiko na wenzake tisa, halafu aache kuziona karata tatu kwa bei ya chakula? Haachi.

Na kuna jambo ambalo nilichelewa kulitambua. Sisi tumelelewa na matatu, ule mchezo wa karata wa mtaani. Naongea na nyinyi mnaojua: karata saba mkononi, mbili inamnywesha jirani, ree inabadilisha rangi, na ile saba ya kukata inamaliza mchezo. Katika matatu hakuna kutupa karata zako ukasubiri mgao ujao. Ukipewa mbaya unazicheza hizo hizo mbaya, unapambana nazo hadi mwisho, na anayepambana vizuri ndiye fundi wa mtaa. Mkono uliokua hivyo ukifika kwenye poka unaona kutupa karata ni woga. Niliwatazama miaka tisa: watu wazima, wenye biashara zao, wakifuata na saba na tano kwa sababu zina rangi moja na kwa sababu wamekuja kucheza, hawakuja kutazama. Yule mzee hakukudharau, kaka. Alicheza matatu.

Kwa hiyo bei lazima iwe ya meza yako. Wakiwa wameshaingia wawili kwa 5,000 kabla yako, sema 35,000, hata 40,000. Ukiona bado wanakuja wanne, safari nyingine sema 50,000. Unatafuta kubakiwa na mtu mmoja au wawili, na meza yenyewe itakuonyesha bei hiyo ndani ya nusu saa ukiwa macho.

Lakini kilichokuondolea fedha ni baada ya hapo. Zilipofunguliwa zile tatu, katikati pamelala 105,000. Mzee ana pau nne, anatafuta ya tano, maana karata tano za rangi moja huzishinda ree mbili. Pau zilizobaki ni tisa, na karata asizoziona ni 47, yaani nafasi moja katika tano hivi kwa karata inayofuata. Wewe ukamwambia: lipa 20,000 upate nafasi ya kuchukua 125,000. Hata mimi ningelipa! Mtu anayelipa moja kutafuta sita, huku akifanikiwa mara moja katika tano, anafanya biashara nzuri. Ikaja mbili ya uru, fungu limefika 185,000, ukamwuzia tena kwa 20,000. Hapo alikuwa analipa moja kutafuta kumi. Ungeweka 70,000 mara ya kwanza, angelipa 70,000 kutafuta 175,000, na hiyo kwake ni hasara kila anapoifanya, hata siku ambayo pau inakuja. Unataka afuate kwa bei hiyo. Wengi wao watafuata, na hapo ndipo fedha ya meza ndogo ilipo.

Halafu ikaja jeki wa pau, karata ile ile uliyokuwa unaiogopa, ukasukuma 245,000 ili kutisha. Ulipokuwa mbele uliweka vijisenti, ulipokuwa nyuma ukaweka zote. Ningependa uiandike hiyo kwa kalamu nyuma ya kibanda chako, maana niliiona kila Ijumaa kutoka upande wangu wa meza, na mara nyingi niliuma ulimi kwa sababu mgawaji haruhusiwi kusema.

Mkwara unahitaji mtu anayejua kutupa karata. Mkwara maarufu kuliko yote ya poka ni wa 2003, Las Vegas, Marekani, fainali ya mashindano ya dunia yaliyokuwa na wachezaji 839. Chris Moneymaker, mhasibu, alisukuma chipu zake zote, zile sarafu za kuchezea, akiwa na mfalme na saba ambazo hazikushika chochote. Sam Farha alikuwa na jozi ya tisa, jozi ya juu kabisa kwa karata zilizokuwa mezani, akafikiri, akatupa. Moneymaker akaondoka na dola milioni 2.5. Watu hulisimulia kama ushujaa wa Moneymaker, na mimi naona nusu yake ni ya Farha: mkwara ulifanya kazi kwa sababu alikaa mbele ya mtu mwenye uwezo wa kuiacha jozi ya juu. Ijumaa yako haina Farha. Ina watu wanaofuata na jozi ya nne ili waone tu ulikuwa na nini. Wauzie karata nzuri kwa bei kubwa, basi.

Kuhusu kusubiri, nakuonyesha bei yake. Mzunguko mmoja wa watu tisa unakutoza 7,000 za dau la lazima. Kwa saa inazunguka karibu mara tatu, yaani 21,000. Hiyo ndiyo kodi ya kiti chako ukitupa kila karata unayopewa. Kufuata ovyo mara mbili tu kwa 15,000 kumeshaipita. Ukiwa na jozi ndogo, sawa, ingia kwa 5,000 wenzako wakiwa wengi: mara moja katika nane na nusu hivi utafunguliwa ya tatu yake, na hapo utalipwa vizuri. Lakini jeki na nne kwa sababu zote ni kopa? Tupa. Kunywa maji. Tazama nani anafuata na nini.

Meza kubwa usiende. Kule karata zako wataziheshimu, ila makosa yako watayalipisha zaidi.

Dada, nina miaka 22, niko chuo kikuu. Mlangoni mwa kasino wamenirudisha. Kaka yangu ana 27 na tunafanana sana. Nikitumia Ndaga Muntu yake, kile kitambulisho cha taifa, je? — Mwanafunzi

Usitumie, mdogo wangu. Sheria yetu ya michezo ya kubahatisha ya 2016 inasema miaka 25, wala si 18 kama wengi wanavyodhani. Ukikamatwa na kitambulisho cha kaka yako, mmeingia matatani wote wawili, na yeye hata hakuonja. Tafuteni pakiti ya karata hosteli, maharage ndiyo yawe chipu, gawaneni migao mia tatu, na kila mgao mwandike nani alifuata na nini na kilimgharimu maharage mangapi. Utafika 25 ukijua jambo ambalo wengi mle ndani hawalijui.

Dada yangu, nauza mitumba soko la Owino pamoja na mume wangu. Ni mtu mwenye akili, simsemi vibaya. Alhamisi na Jumamosi anakwenda poka. Anasema hiyo si kamari kama kubeti mpira, ni akili. Akishinda analeta kuku wa kuchoma, watoto wanafurahi. Akishindwa hasemi kitu, analala. Fedha ya mzigo ni yetu sote. Nitajuaje kama anapata au tunapoteza? — Mama wa watoto watatu

Dada, asante kwa kuniamini na jambo la nyumbani. Mume wako amesema nusu ya kweli na ni haki nianze na hiyo nusu. Kwenye poka hachezi na kasino, anacheza na watu aliokaa nao, na mwenye subira kwa muda mrefu huzichukua za asiye na subira. Kwenye mashine za kuzungusha hakuna subira itakayokusaidia.

Nusu ya pili ni makato. Kasino inakata kidogo katika kila fungu kabla halijaenda kwa mshindi. Tuseme wastani ni 10,000 kwa mgao. Migao 25 kwa saa ni 250,000 zinazoingia kwenye kisanduku chini ya meza. Watu tisa waliokaa na 300,000 kila mmoja wameleta 2,700,000. Saa kumi na moja za kucheza, na kiasi hicho chote kimepita kwenye kile kijitundu. Nilikuwa nakisukuma mwenyewe kwa kidole, chipu baada ya chipu, na wachezaji hawakitazami, kwa sababu macho yao yako kwa anayevuta fungu. Kwa hiyo haitoshi mume wako kuwa bora kidogo kuliko wenzake. Lazima awazidi kwa kiasi cha kufunika makato, boda, na chakula. Mwulize: pale wanakata asilimia ngapi, na kikomo ni shilingi ngapi kwa fungu? Kama hajui, ameshakujibu sehemu ya swali lako.

Usimwombe aache, kwa sasa. Mwombe daftari. Lile la shule, la kurasa 48. Kila akirudi aandike tarehe, saa aliyokaa, fedha aliyoanza nayo, na hapa simama naye, dada: aandike pia fedha aliyoongeza katikati ya usiku. Hiyo ndiyo watu wanaisahau. Mtu anakaa na 300,000, inakwisha saa nne, anaongeza 200,000, anaondoka na 450,000 mkononi na anakwambia kwa moyo safi kabisa kwamba leo ameshinda 150,000. Hakudanganyi. Anaikumbuka ile fedha ya mwanzo tu. Nimewasikia wakihesabu hivyo kwa sauti huku mimi nimeshika karata, ninajua ameongeza saa ngapi. Kisha aandike aliyotoka nayo na saa ya kutoka.

Jioni kumi hazitasema chochote, nzuri wala mbaya. Karata zina vipindi vyake. Mpeni daftari miezi mitano au sita, mkae wawili siku ya mapumziko mjumlishe. Kama ni mchezaji mzuri, hilo daftari atalipenda kuliko wewe. Na fedha ya mezani iwe na bahasha yake tangu mwanzo wa mwezi. Fedha ya mzigo isiguswe, hata kwa usiku mmoja, hata kwa ahadi ya kesho asubuhi.

Ila akikataa daftari, au ukikuta anakopa kwa simu ili akaketi, au ukimpigia anasema yuko kwenye jamu ya Jinja Road na nyuma yake unasikia chipu zikigongana — sauti hiyo ukishaijua huisahau, ni kama vifuniko vya chupa vinavyomwagwa kwenye sinia — basi hapo hatuzungumzii tena poka. Hapo mtafute mtu mzima anayemheshimu, na mshauri wa afya ya akili, mapema. Nimewagawia karata watu wa namna hiyo, tena watu wapole, na sikuwa na ruhusa ya kuwaambia waende nyumbani. Wewe unayo. Niandikie baada ya miezi mitatu, nitakusubiri.

Habari dada. Mimi ni dereva wa lori, Mombasa mpaka Juba, na nikilala Kampala hupenda kucheza kidogo. Juzi nilikuwa na wafalme wawili, mtu kaweka 10,000, mimi nikatupa chipu moja ya 50,000 kupandisha. Mgawaji akasema nimefuata tu, akanirudishia 40,000. Ni haki hiyo? Halafu wawili wakawa wanaongea lugha yao mchezo ukiendelea. Na meza imejaa hata mkono hautoki! — Dereva

Kaka dereva, mgawaji alikuwa sahihi. Chipu moja kubwa ikitupwa kimya ni kufuata, kwa sababu mezani hakuna anayejua kama unataka chenji au unapandisha. Sema "napandisha" kwanza, useme na kiasi, ndipo mkono uende. Vilevile usiweke chipu kwa awamu, unaweka kidogo, unamtazama mwenzako usoni, unaongeza. Hairuhusiwi, na watakurudishia.

Lugha: mgao ukiwa hai, wanaongea lugha ya meza. Mwambie mgawaji kwa utulivu, si hao wawili. Mara nyingi wanaulizana habari za nyumbani tu, lakini hata hivyo hairuhusiwi, na mgawaji mzuri atasema mara moja na yataisha.

Kuhusu kubanana, nina la kukusimulia. Kabla ya 2016, wakati sheria ya tumbaku haijaanza kutekelezwa, chumba chetu Jumamosi kilikuwa moshi na viwiko. Watu kumi kwenye meza ya tisa. Bwana mmoja mkimya alikuwa kiti cha kwanza, kushoto kwangu kabisa, akageuka kuchomoa simu yake ukutani kwenye chaji. Karata zake mbili zimelala peke yake kwenye kitambaa cha kijani, sentimita chache kutoka zilipo zilizotupwa. Mkono wangu ukapita kama ulivyopita mara elfu, nikazizoa. Aliporudi na simu yake akaangalia mahali palipokuwa na karata, akaniangalia mimi. Karata zisizolindwa zikichanganyika na zilizotupwa zimekufa, hiyo ndiyo kanuni, na msimamizi alipokuja akasema hivyo hivyo. Alikuwa ameshaweka 60,000 katikati. Yule bwana aliniambia kwa sauti ya chini kwamba zilikuwa wafalme wawili, kama wako. Sikulala usiku ule. Kanuni ilikuwa upande wangu, lakini mkono ulikuwa wangu pia.

Kwa hiyo, kaka, ukipewa kiti kilicho ubavuni mwa mgawaji siku imejaa, weka kitu kizito juu ya karata zako kabla hujafanya lolote jingine. Yule bwana alirudi Jumamosi iliyofuata, akaomba kiti kile kile. Nilipomgawia, akazitazama karata zake, akatoa mfukoni sarafu ya shilingi 500, akaiweka juu yake, korongo akitazama juu. Akasema, "Sasa gawa, dada."